Tope la visima vya Kusini lisimwagwe bila kuandikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua, ambalo nikilitazama naona bado lina dawa.

Mimi ni fundi wa kuchimba visima vya maji. Kazi hii nimeifanya Lindi na Mtwara tangu ujana wangu, kutoka Kilwa mpaka Nanyumbu, na kwangu ni Mingoyo, pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi. Ombi langu ni hili: kila kisima kinachochimbwa katika mikoa hii miwili, na kila kilima kinachokatwa kupitisha barabara, mawe na udongo wake uchukuliwe sampuli kwa kufuata kina, uandikwe, na uhifadhiwe huku huku Kusini. Hivi sasa tunaumwaga.

Nieleze tunavyoumwaga, kwa sababu wengi wanaokunywa maji ya visima hawajawahi kusimama kando ya rigi, yaani mtambo wa kuchimbia. Biti, ile ncha ya chuma ya kukatia, inapokata mwamba chini, hewa ya kompresa inavisukuma juu vipande vilivyosagwa. Fundi mwenye kujali anavikinga kwa karai kila mita, anavisuuza, anavipanga mafungu mafungu juu ya turubai: mita ya kwanza kona hii, ya pili pembeni yake, safu kwa safu mpaka mwisho wa kisima. Ukisimama kwenye turubai hilo unaona wapi mchanga mwekundu umeishia, wapi mfinyanzi wa kijivujani umeanza, wapi kuna bamba jembamba la chokaa, wapi maji yameingia. Mfinyanzi unajulikana hata kwa ulimi. Chukua kidogo, usage kwa meno ya mbele: mfinyanzi mtupu unateleza, ule uliochanganyika na mchanga laini unakwaruza. Wajiolojia wote niliofanya nao kazi wanafanya hivyo, wake kwa waume, na mimi nimejifunza kwao.

Jioni rigi inahama. Mafungu yote yanasukumwa kwa koleo mpaka kwenye shimo la tope, yanafukiwa. Nilipata kufanya kazi na mkandarasi mmoja ambaye fomu za visima zilijazwa usiku nyumba ya wageni, na vijiji vitatu vikaandikiwa maneno yale yale: mchanga mpaka mita ishirini, mfinyanzi mpaka sitini, kisha mchanga wenye maji. Vijiji vyenyewe viko mbalimbali na ardhi yake haifanani hata kidogo. Karatasi zile zimeingia kwenye faili. Mtu akizichukua kesho akachora ramani kwa kuziamini, atachora nchi isiyokuwepo.

Kilichonifungua macho ni kisima kimoja cha bonde la Lukuledi. Tulikuwa tumetoka kuchimba kijiji cha jirani, maji yakatoka mapema. Tukavuka korongo, tukasimamisha rigi, na siku ya pili tulikuwa bado tunatoa vumbi. Mzee mwenyekiti akaja na wazee wenzake, akakaa juu ya gogo, akaniuliza kwa upole: "Fundi, wenzetu ng'ambo mmewapatia maji kabla jua halijafika utosini. Sisi hapa tumekosa nini?"

Mjiolojia tuliyekuwa naye alikuwa binti mdogo, mtulivu, ametoka chuo si muda. Alikuwa ameniamuru nitunze mafungu ya kisima cha kwanza kwenye vifuko vya kitambaa, kila kifuko kimeandikwa kina chake kwa makapeni. Nami nilikuwa nimetii bila kuelewa. Akavifungua vyote, akavipanga sambamba na mafungu ya kisima kile kikavu, akapiga magoti na kioo cha kukuzia. Katika kisima cha kwanza kulikuwa na bamba la chokaa lililojaa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vidogo, bapa, vya duara, kwenye mita thelathini na kitu. Katika kisima cha pili, bamba hilo lilikuwa bado halijatokea. Juu yake ulikuwapo mfinyanzi ule ule, wenye rangi ile ile na vidudu vile vile vya bahari, ila ulianzia chini sana. Akamwambia mwenyekiti: "Mzee, hamjakosa kitu. Ardhi hapa imekatika, upande wenu umeshuka. Maji yapo, yako chini zaidi." Tukaongeza bomba. Chokaa ikatokea baada ya mita sabini, na maji chini yake.

Korongo lile lilikuwa limekaa juu ya ufa wa ardhi. Hakuna mtu aliyekuwa ameuona, kwa kuwa juu kuna mashamba ya mihogo na mikorosho. Uliojitokeza ni mpangilio wa mafungu mawili ya tope, baada ya kuwekwa pamoja kwa utaratibu wake. Kama mafungu ya kisima cha kwanza yangekuwa yamefukiwa, tungeng'oa rigi, kijiji kile kingeandikwa kuwa hakina maji, na ufa ungebaki bila kujulikana.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kila mjiolojia anayepita na kusoma kila ninachokipata. Kanuni zenyewe ni chache na mtoto wa sekondari anaziweza. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata, isipokuwa ardhi iwe imepinduliwa. Mashapo, yaani mchanga na tope, yanapotulia majini hulala bapa, kwa hiyo ukiyakuta yameinama ujue yameinamishwa baadaye. Haya aliyaandika Mdenmark Niels Stensen alipokuwa Italia, mwaka 1669. Ufa unaokata tabaka umezaliwa baada ya tabaka hilo, na tabaka linalopita juu ya ufa likiwa zima limelala baada ya ufa kutulia. Ukijua umri wa tabaka lililokatwa na umri wa tabaka zima lililo juu yake, ufa umeubana katikati, na mtikisiko ulioukata umejua ni wa lini. Kisha akaja Mwingereza William Smith, mpimaji wa mifereji, mtu wa kukanyaga tope kama sisi. Alitambua kuwa kila tabaka lina visukuku vyake, na kwamba mfuatano wa visukuku haubadiliki ukitoka wilaya moja kwenda nyingine. Kwa njia hiyo akachora ramani ya miamba ya England, Wales na sehemu ya Scotland, mwaka 1815. Alichotumia yeye ndicho alichotumia yule binti kwenye turubai letu.

Sasa naomba wasomaji waitazame ardhi yetu kwa macho hayo, kwa sababu ni wachache barani Afrika waliojaliwa ukurasa mrefu wa matabaka kama wetu.

Tuanze na Masasi, ndiko kwenye mwamba mkongwe. Vilima vile vya mawe vinavyosimama peke yake juu ya tambarare si mashapo. Ni mwamba uliofinywa na kupikwa kwa joto kina kirefu chini ya ardhi, pale vipande vya nchi vilipogongana na kuungana kuwa bara moja kubwa, Gondwana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliyezunguka nchi hii kati ya 1895 na 1897 aliviandika, na mpaka leo vilima vya namna hiyo popote duniani hubeba jina lake. Mwamba huo huo unavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Huko alifika kijana wa Kiingereza, Arthur Holmes, mwaka 1911, kutafuta madini, akaugua malaria. Mwaka huo huo alikuwa amechapisha kazi yake ya kupima umri wa mwamba kwa urani na risasi, na mwaka 1951 ndiye aliyeupa ukanda huu wa miamba jina la Mkanda wa Msumbiji. Kijana huyo ndiye baadaye aliyeeleza kuwa mwamba wa moto ulio kina kirefu unazunguka taratibu kwa joto na kwamba mzunguko huo unaweza kuyasukuma mabara, wakati wengi walikuwa bado wanalicheka wazo la mabara kusogea.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Ndani ya mwamba wa namna ya Masasi kuna punje za madini yaitwayo zirkoni, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi. Punje inapoganda huikubali urani na kuikataa risasi. Kuanzia hapo urani inageuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: aina moja hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.5 hivi, aina ya pili kwa miaka milioni 704 hivi. Punje moja inakupa vipimo viwili, na kimoja kinamsuta mwenzake kikikosea.

Lakini punje hiyo ikimong'onyoka, ikabebwa na mto, ikalala kwenye mchanga, umri wake unabaki kuwa wa mwamba ilikotoka. Kwa mchanga wenyewe inasema jambo moja tu, kwamba haukulala pale kabla punje hiyo haijakuwepo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani jiwe lolote likipelekwa maabara litarudi na tarehe. Jiwe la mashapo likiokotwa kwenye lundo, bila kujulikana lilikuwa juu ya lipi na chini ya lipi, hata mashine ya gharama namna gani itakupa nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye mpangilio, na mpangilio unapatikana mara moja tu, siku ya kuchimba.

Turudi barabarani. Ukitoka Masasi kuja Ndanda, uwanda wa Makonde unasimama upande wa kulia kwako kama ukuta. Ukingo ule ni mawe ya mchanga yaliyoletwa na mito, na huku magharibi yamelala moja kwa moja juu ya mwamba wa kale. Mchanga ule una zaidi ya miaka milioni 100, mwamba wa chini yake una zaidi ya milioni 500. Mahali viwili vinapokutana unaweza kupafunika kwa kiganja, na chini ya kiganja chako miaka milioni mia kadhaa haipo: ama hakuna kilicholala hapo, ama kililala kikachukuliwa na mvua na mito. Pengo nalo ni habari, linasema nchi ilikuwa imeinuka na inalika.

Na kwa mwananchi wa Newala pengo hilo ni ndoo ya maji. Mchanga wa uwandani unapitisha mvua yote mpaka chini kwenye mwamba ule wa kale, kwa hiyo juu hakuna mto, na maji yanachomoza kwenye chemchemi za miguuni mwa mlima. Mama zetu wa Newala na Tandahimba wameshuka na kupanda miteremko ile na vyombo kichwani vizazi na vizazi kabla ya pampu. Mito haitandazi mchanga juu ya kilele. Mchanga ule ulilala kwenye nchi ya chini, leo Newala iko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, na uwanda wote umeinamia mashariki mpaka unapopotelea karibu na pwani. Nchi imenyanyuliwa upande wa bara na kulazwa upande wa bahari, baada ya mchanga kulala. Anayesema mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya gamba lake yanayosogea, ni habari za vitabuni apande gari kutoka Mtwara mjini mpaka Newala.

Kwa nini tuna pwani? Kwa sababu Madagaska iliondoka. Ilikuwa imegandana na ubavu huu wa Afrika, na yapata miaka milioni 165 iliyopita ilianza kuachana nasi, ikateleza kuelekea kusini kando ya mpasuko mrefu wa chini ya bahari uitwao Davie. Kabla bahari haijafunguka vizuri ilikuwa ikiingia na kukauka, ikaacha chumvi. Watafuta mafuta waliotoboa Mandawa, wilayani Kilwa, katika miaka ya 1950 waliikuta chini kabisa. Chumvi chini, mfinyanzi na chokaa ya bahari juu yake: mfuatano huo peke yake unakueleza ufa wa nchi kavu uliogeuka kuwa bahari.

Tendaguru, kilima cha huku Lindi, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi maji yalivyokuwa yakija na kurudi. Mifupa ya mjusi wetu wa kale, dinosaria, ile iliyoko Berlin, watu wengi wanaijua: mifupa ya mnyama mwenye urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi wetu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Wajerumani walioongoza uchimbaji, Werner Janensch na Edwin Hennig, ndio waliosomwa majina, lakini aliyewasimamia mafundi machimboni ni Boheti bin Amrani, na ningefurahi kama mtaa mmoja wa Lindi ungeitwa kwa jina lake. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Tendaguru haina tabaka moja la mifupa, ina matatu. Kati ya moja na jingine kuna mchanga wa baharini, wa chini wenye makombe ya konokono wa bahari na wa juu wenye makombe mazito ya Trigonia, na juu ya la mwisho kuna mchanga wa namna hiyo tena. Pwani tambarare yenye mijusi, kisha bahari, pwani tena, kisha bahari, mara tatu. Umri wa mijusi ile, miaka milioni 150 hivi, haukutoka kwenye mifupa. Umetokana na amonaiti na viumbe wengine wa bahari waliolala kwenye matabaka yaliyoifumbata mifupa juu na chini.

Mjadala wa mifupa hiyo kurudi nyumbani naufuata, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka haki ya Lindi itambuliwe. Ila naomba tuone na hili. Vita Kuu ya Pili iliharibu sehemu ya mifupa na nyaraka zake huko Berlin. Watafiti wa Kijerumani na Kitanzania walipotaka kuelewa upya ni mnyama gani alitangulia na bahari ilikuwa wapi, mwaka 2000 walirudi Tendaguru kupima matabaka. Ardhi ilikuwa bado ina jibu kwa sababu haikuwa imevurugwa. Yale tunayoyavuruga sisi kwa tingatinga na koleo hayatakuwa na mahali pa kurudi.

Baada ya zama za Tendaguru bahari iliendelea kukaa, ikaacha mfinyanzi mwingi juu ya ardhi ya Kilwa na Lindi. Ukiutazama kwa macho ni udongo wa kijivu usio na mvuto, unaonasa magurudumu masika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakiongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzao wa TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, akiwemo Joyce Singano, mtaalamu wetu wa visukuku vidogo, walianza kuuchimba kwa mitambo ya kutoa nguzo nzima za mwamba. Walikuta foraminifera, viumbe wa bahari wasiozidi punje ya mchanga, ambao magamba yao yamebaki maangavu, kwa sababu mfinyanzi uliyafunga maji yasipite. Kwingine magamba ya umri huo yamegeuka na kupoteza kumbukumbu ya joto la bahari waliyoishi. Kwa udongo wetu wamepima joto la bahari ya kale, na wameusoma mpaka wa miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati barafu kubwa ilipoanza kukaa juu ya Antaktika. Katika nguzo hizo unaona jamii ya Hantkenina, wenye miiba, wakiwepo katika kila sampuli, kisha kwenye sentimita fulani hawapo tena, na hawarudi. Dunia nzima wanajiolojia wanautambua mpaka ule kwa kutoweka kwao. Uko chini ya miguu ya watu wa Kilwa.

Niliwahi kuonyeshwa foraminifera mmoja kwenye darubini, ametoka kwenye mfinyanzi wa kisima tulichochimba wenyewe. Vyumba vyake vimepangana kwa mzunguko, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na mwanga unapita. Niliwaza mafungu yote niliyoyafukia kwa mkono wangu kwa amri ya wakubwa wangu wa kazi.

Kuhusu gesi sitasema mengi, inasemwa kila siku. Nitaje tu kwamba gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, imekaa kwenye mchanga ulioletwa na mito ya zama za Ruvuma ya kale, nchi ya bara iliponyanyuka na kuanza kulika. Kilichoinua Newala na kilichojaza mchanga Msimbati, kwenye gesi hiyo, ni habari moja. Na kisima cha gesi kwa kawaida kila kipande cha mwamba wake kina namba na kabati. Kisima cha maji cha kijiji kinapita kwenye matabaka ya nchi ile ile, na hakina hata kifuko.

Napendekeza yafuatayo. Halmashauri zinapoandika mkataba wa kisima ziweke kifungu kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka sampuli za kila mita, au angalau kila mita tatu, zikabidhiwe zikiwa na jina la kijiji, kina, tarehe na alama za GPS. Gharama yake ni vifuko vya kitambaa, makapeni na mtu mmoja wa kukaa na karai. Wakandarasi wenzangu watasema inachelewesha kazi. Haicheleweshi: vipande vinatoka tu, ukivikinga vinatoka, usipovikinga vinatoka.

Pili, kipatikane chumba. Ofisi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iko Mtwara, na ndiyo inayosimamia maji ya eneo letu. Chumba kikavu chenye rafu katika ofisi hiyo au jirani yake kingetosha kwa kuanzia, na nakala ya orodha iende kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma. Nasisitiza sampuli zenyewe zibaki Kusini. Mwanafunzi wa Nachingwea au Tandahimba aweze kupanda basi asubuhi, akashika kwa mkono wake mfinyanzi wa kijijini kwao, akarudi jioni.

Tatu, barabara. Kilima kikikatwa, ukuta mpya unaonyesha matabaka kwa usafi ambao hautarudi, kwa sababu masika moja tu yanautelezesha na nyasi zinaufunika, au mkandarasi anaujengea mawe. Mjiolojia apewe siku mbili kabla ya hapo, apige picha, apime, achukue sampuli. Shule za jirani zialikwe. Mwalimu wa jiografia anayechora matabaka ubaoni huku ukuta wenye matabaka uko nusu saa kwa miguu, anastahili kusaidiwa apate njia ya kuwapeleka watoto.

Mwisho ni kwa mafundi wenzangu wa rigi, wa kampuni na wa kujitegemea. Kabla sheria haijaja, tuanze. Andikeni kina kwenye kila kifuko, juu ya kitambaa chenyewe, siyo kwenye karatasi ya kutumbukiza ndani, maana karatasi inaliwa na unyevu. Msichanganye kilichodondoka kutoka ukutani mwa kisima na kilichokatwa na biti. Kesingi, bomba la kuzuia ukuta wa kisima, ikishawekwa hilo linapungua. Rangi iandikwe ikiwa mbichi, kwa kuwa mfinyanzi wa kijivujani ukikauka unapauka na mtu hatautambua.

Mimi ninavyo vifuko nyumbani, vya visima vya Lukuledi, Mbwemkuru na ukingo wa uwanda wa Makonde, vimepangwa kwa kijiji na kwa kina, ndani ya mapipa yenye mifuniko. Ofisi yoyote ya umma itakayotenga rafu na mtu wa kuvipokea kwa daftari, nitavileta kwa gari yangu mwenyewe, na nitakaa naye mpaka tumalize kuviandikisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mchimba visima,
Mingoyo, Lindi.